Taya la Firdausi kwa Pande Zote

Kasulu, 9 Machi 2014

Mwanangu Safina,

Assalamu alaykum. Huku wote wazima na duka linakwenda. Barua hii anakuletea Kipriani, kondakta wa basi la asubuhi, na jibu mpe yeye huyohuyo. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu yangu ina sauti ya mnadani, nikiongea nayo hapa dukani wateja wanapata habari kabla yako. Tena mwalimu wangu wa elimu ya watu wazima aliusifu mwandiko wangu mbele ya darasa zima, siwezi kuuacha ufe hivihivi.

Ni habari ya Firdausi. Kitinda mimba wangu katimiza miaka kumi na tatu na meno ya chini yamegoma. Chonge la kushoto halijaota mpaka leo. La kulia limeota dogo, la manjano, limepinda kama punje ya mwisho kwenye gunzi. Na meno ya mbele, kwa kuona kuna nafasi, yameanza kulala kuifuata. Shuleni wanamwita Mapengo.

Hayo yote ningeyavumilia, mtoto si sura. Lakini wewe unamjua Firdausi akisoma Kurani. Watu hutoka madukani wakasimama barazani wakimsikiliza, hata wasio Waislamu. Maulidi ya Januari hii alipewa kipaza sauti mbele ya msikiti mzima. Akakitazama, akamrudishia mwalimu, akaenda kukaa. Tangu siku hiyo anasema na watu akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, hata mimi mamake. Nataka Maulidi ijayo asome. Sitaki kingine.

Nimeshatangaza soko zima kwamba daktari wa meno wa Kibondo ni binti wa kaka yangu Hashimu, kwa hiyo usiniangushe. Jumatatu ya mwisho wa mwezi tunakuja.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibondo, 2 Aprili 2014

Shangazi yangu,

Wa alaykumu salaam. Natumaini mlifika salama na Firdausi kichefuchefu cha basi kimemwisha.

Kwanza hilo la daktari. Mimi ni tabibu wa meno, shangazi. Naziba, nang'oa, nafundisha watu kupiga mswaki. Daktari ni yule bingwa wa kupanga meno niliyempigia simu mbele yako, na yeye yuko Dar. Ingawa sikatai kwamba nimecheka, na nimetaka kujua umewaambia nani na nani.

Pili, picha. Eksirei niliyompiga hapa inaonyesha kivuli upande wa kushoto wa taya la chini, palepale chonge lilipotakiwa kuwa. Kivuli cha nini, sijui. Eksirei ya kawaida inakilaza kichwa chote kwenye karatasi moja. Chukua kitenge kilichokunjwa mara sita ukitazame kwenye jua: maua yote yanalaliana, huwezi kusema lipi liko mbele na lipi nyuma. Kuna hospitali Dar ina mashine mpya inayozunguka kichwa na kukikunjua kitenge hicho. Wanaiita picha ya pande tatu. Ukishaipata unaona jino limelala wapi, limeelekea wapi, limegusa mzizi wa jirani yupi. Bingwa hafungi waya za meno kabla ya kuiona, na ana haki, maana kulivuta jino usilojua lilipo ni kuharibu na majirani zake. Umesema mumeo anakwenda Dar kufuata mzigo. Basi aende na Firdausi.

Tatu, nimekufungia fomu. Wanataka historia ya mtoto tangu uchanga. Je, aliwahi kuanguka? Aliwahi kuumwa taya? Aliwahi kutolewa yale wanayoyaita meno ya plastiki, kwamba ufizi umechokolewa akiwa mchanga kwa kudhaniwa ndiyo yanayomharisha? Najua hilo la mwisho utalicheka. Katika ukoo wenye mkunga kama mama yangu, nani angethubutu kumgusa mtoto ufizi? Lakini fomu ni fomu, jibu na utie saini.

Nilipokuwa nampiga picha nilimkumbuka sana mama. Unakumbuka nilivyolia nikitaka kusomea ukunga kama yeye? Akakataa katakata. "Wewe soma meno," basi, wala hakunipa sababu mpaka anaingia kaburini. Sasa kila nikiziba jino likakaa vizuri namwambia kimoyomoyo, mama, umeona?

Wako,
Safina Hashimu


Kasulu, 11 Mei 2014

Mwanangu daktari (usinikatalie),

Wamerudi. Kasulu nzima inajua, kwa sababu mume wangu Abdulrahmani alianza kusimulia stendi kabla hajashusha mizigo. Anasema Firdausi alisimamishwa, kidevu kikawekwa kwenye kiegemeo chake, akaambiwa asimeze mate. Mashine ikamzunguka mara moja, taratibu, haikumgusa. Akatoka. Mume wangu akauliza, tayari? Wakamwambia tayari. Anasema mtoto wetu ndiye wa kwanza wilaya hii kichwa chake kuonwa kwa pande zote, na mimi sioni wa kumpinga.

Walimpa sidii. Yeye akadhani ni kama cheti. Basi ameitundika dukani kwa uzi kupitia lile tundu la katikati, kati ya leseni ya biashara na picha ya Makka. Wateja wanakuja kujitazamia nyuso zao humo. Nilimwambia, hiyo ni ya Safina. Akasema ikae kwanza wiki moja watu waione. Ndiyo sababu nimechelewa, leo nimeishusha na Kipriani anakuletea.

Sasa lililo zito. Bingwa amesema huenda kile kivuli ni uvimbe unaokula mfupa. Anataka mtoto arudi Juni wamfungue taya. Abdulrahmani hili hakulisimulia stendi, alinieleza mimi tu chumbani. Firdausi hajaambiwa. Tafadhali isome hiyo sidii kwa macho yako, mimi nayaamini kuliko ya Dar.

Fomu nimeijaza. Kuanguka, hakuna. Kuumwa taya, hakuna. Hilo la tatu, hakuna.

Shangazi yako,
Kuruthumu


Kibondo, 25 Mei 2014

Shangazi yangu, Masenge wangu kama mama alivyonifundisha kukuita,

Sidii imefika na alama za vidole vya Kasulu yote. Nashukuru hamkuipigilia misumari. Niliifuta kwa kitambaa cha miwani, kompyuta ya hapa ikaikataa mara tatu, nikamwomba Pasikali wa takwimu anipe ile yake ya mkononi. Ikafunguka.

Niruhusu nijisifu kidogo, maana na mimi ni damu yako. Nimelizungusha taya la Firdausi kwa kidole changu. Nimeliangalia kwa chini, kwa nyuma, nimeingia mpaka upande wa ulimi nikalitazama kwa ndani, mahali ambapo jicho la mtu halijawahi kufika. Nilikaa nalo siku tatu, kila nikimaliza wagonjwa narudi. Pasikali aliniuliza kama nimempata mchumba humo.

Chonge la kushoto lipo, shangazi. Limelala ubavu chini ya mizizi ya meno ya mbele. Mzizi wake mzuri, ila kichwa kimemeguka, na juu yake kuna vipande vidogovidogo vya jino kama chenga za mchele. Hizo chenga na kifuko kinachozizunguka ndicho kile kivuli anachokihofia bingwa. Kisha nikageuza upande wa kulia, ambako eksirei yangu ya kawaida ilionyesha pasafi. Si pasafi. Kuna chenga zilezile, chache, zilizokuwa zimefichwa nyuma ya jino. Na lile chonge la punje ya gunzi, kichwa chake kimemeguka kwa mshazari uleule. Kulia na kushoto sawasawa. Uvimbe hauoti kwa jozi hivyo. Hapo palipita chuma.

Nilimpigia bingwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeona vizuri, na kwamba yeye mwenyewe aliuangalia upande wa kushoto tu kwa sababu ndiko alikoelekezwa. Lakini watakaoamua tarehe 20 Juni ni madaktari watano, na mbele yao kuna fomu yenye saini ya mzazi inayosema hakuna. Bila historia watafungua kama uvimbe: litaondoka chonge, meno mawili ya mbele na kipande cha taya. Wakiwa na historia, watatoa chenga tu, kisha chonge livutwe polepole kwa waya mpaka lifike mahali pake. Tofauti yote iko kwenye neno lako moja.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Ni nani? Labda alifanya ukiwa umempa mtoto mtu akubebee. Wengi hutumia spoku ya baiskeli. Mtu kama huyo ningependa nimkute akiwa hai. Kuchukua chuma na kumchokoa mtoto asiyejua hata kuketi, halafu ujiite mponyaji, huo ni ujinga wa kiwango gani? Mama angekuwa karibu siku hiyo angemfukuza kwa mwiko.

Nijibu haraka.

Safina Hashimu


Kasulu, 1 Juni 2014

Safina,

Barua yako nimeisoma mara moja na sirudii.

Nimesema hakuna. Mtoto nimemzaa mimi, nimemlea mimi, simjui mtu aliyembeba nisipokuwepo. Mashine ni mashine, nayo inaweza kukosea.

Na yale maneno yako juu ya mtu usiyemjua, yafute. Hukuwepo. Hujui alikuwa na moyo gani.

Kuruthumu


Kibondo, 5 Juni 2014

Shangazi,

Nimeelewa. Hakuna anayemtetea hivyo mtu baki. Basi ni wewe mwenyewe.

Sikuja kukuhukumu. Ulikuwa na mtoto mgonjwa, ukafanya ulichokijua. Lakini zimebaki siku kumi na tano. Unaona haya mbele yangu au mbele ya soko? Firdausi apoteze meno matatu na mfupa, asisome tena mbele za watu maisha yake yote, ili Kasulu isijue kwamba Kuruthumu naye anakosea?

Nimekuwa nikijivunia wewe tangu nimeanza kusema. Nilipokuwa bweni nilikuwa nawasimulia wenzangu habari za shangazi yangu aliyejifunza kusoma akiwa na watoto wanne. Usinifanye nijute. Fomu nyingine nimeifunga humu. Andika.

Safina


Kasulu, 8 Juni 2014

Mwanangu,

Fomu nimeijaza kwa ukweli, nimesaini, na Abdulrahmani amesaini. Ipeleke Dar leo hiihii kabla hujaendelea kusoma. Ukishaipeleka, kaa chini.

Si mimi. Ningefurahi kuwa mimi, ningekuachia uendelee kufikiri hivyo. Nilishika hata kalamu nikuandikie jina la kikongwe yeyote aliyekwisha kufa, ungelipokea na mambo yangekwisha. Mkono ukanigomea.

Ni mama yako. Ni wifi yangu Ininahazwe.

Firdausi alikuwa na miezi mitano. Mimi nilikuwa bado kule Kagerankanda kwenu, nilikoenda kujifungulia kwa sababu mkunga bora tuliyekuwa naye alikuwa wifi yangu. Wewe ulikuwa bweni Kigoma. Mtoto akaharisha siku nne, macho yakazama, akawa halii tena. Wifi akampapasa ufizi, akaona vile vivimbe vyeupe, akasema ni meno ya plastiki ndiyo yanayomwua. Kwao Burundi alifundishwa hivyo na mama yake, na sisi huku tulifundishwa vivyo hivyo na wetu. Alichemsha spoku kwenye sufuria, akanawa mpaka viwiko. Mimi nilimshika mtoto kichwa. Alichokoa kulia, akachokoa kushoto, na machozi yanamtiririka, anamwomba radhi mtoto kwa Kirundi. Kisha tukakimbia naye kituo cha afya wakamtundikia maji siku mbili. Akapona.

Leo najua kwamba kilichomponya ni yale maji. Wakati ule sikujua. Nilirudi Kasulu nikasimama sokoni nikatangaza kwamba wifi yangu kamwokoa mwanangu kwa mkono wake. Unaujua mdomo wangu. Wanawake wangapi niliwaelekeza Kagerankanda na watoto wao, sijui. Nilijivuna na mkono ule kama ninavyojivuna na wewe. Kwa hiyo ukitafuta wa kumlaumu, weka na mimi.

Miaka mitatu baadaye aliitwa semina ya wakunga. Wakaonyeshwa picha za midomo ya watoto. Akarudi, akaitupa ile spoku chooni na hakuchokoa mtoto tena. Firdausi akija kwenu wifi alikuwa anamfungua mdomo na kuangalia zile nafasi mbili, kila mara, mpaka mtoto akawa anamkimbia. Mwaka huohuo ukamaliza kidato cha nne ukasema unataka ukunga. Akasema soma meno. Sababu uliyoitafuta miaka yote ndiyo hiyo.

Alipokuwa kitandani ule mwaka wa mwisho, 2009, alinishika mkono akasema, "Masenge wake Safina, nimemtuma akatengeneze. Usimwambie mpaka awe anajua kutengeneza." Nikamwapia. Nami nikaona ni rahisi zaidi kutosema kabisa, maana ulikuwa unamsifu kila barua, na mimi nilipenda kukusikia ukimsifu.

Sasa umelizungusha taya kwa kidole chako ukaona ambacho bingwa hakukiona. Nadhani umejua kutengeneza. Kiapo changu kimekwisha.

Kuruthumu


Kasulu, 6 Januari 2015

Dada Safina,

Shikamoo. Mimi ni Firdausi. Mama hajui kama nakuandikia, nimemwambia Kipriani asiseme.

Kwanza asante. Nimeshaambiwa yote, na bingwa ameniambia kwamba bila ile fomu na bila wewe kugeuza picha upande wa kulia, ningekuwa sina meno matatu. Walinitoa chenga tu, nikaonyeshwa kwenye kisahani, zilikuwa kumi na moja. Halafu wakalifunga lile chonge lililolala kwa mnyororo mdogo sana, wakaunganisha na waya. Kila miezi mitatu Baba akienda kufuata mzigo naenda naye wanakaza. Linauma siku mbili halafu basi.

Pili, Jumamosi nilisoma Maulidi. Nilipewa kipaza sauti nikakishika. Waya zote zilikuwa nje na taa ya msikiti ilikuwa inaziwakia. Sikuziba. Niliposoma aya ya kwanza niliona watu wa madukani wanatoka kusimama barazani kama zamani. Mama alikuwa upande wa wanawake, analia kwa sauti mpaka wakamwambia anyamaze. Sasa shuleni wananiita Reli na mimi nalipenda hilo jina.

Tatu, Mama kila basi likifika anatoka kumwuliza Kipriani kama kuna barua yake. Kipriani anasema zipo salamu. Mama anasema sawa, anarudi kukata vitenge. Mimi hujanikataza kukuuliza, kwa hiyo nauliza. Umemkasirikia?

Pia Baba anaomba ile sidii irudi ukutani, anasema pengo lake linaonekana.

Mdogo wako,
Firdausi Abdulrahmani


Nduta, 20 Desemba 2015

Masenge wangu,

Nimekuandikia mara nyingi nikachana. Mwaka mmoja na nusu nimekutumia salamu za mdomo kwa kondakta kama mtu asiyejua kuandika, wewe uliyejifunza kalamu na watoto wanne mgongoni. Nisamehe. Sikukukasirikia wewe. Firdausi aliponiuliza nilimjibu hivyo, lakini nilishindwa kumweleza nimemkasirikia nani, kwa kuwa nilikuwa siwezi kuliandika jina.

Nilikwenda Kagerankanda mwezi wa tano. Nilikwenda kugombana naye pale kaburini, nakwambia ukweli. Nikakuta mtu amepalilia na kupanda maua. Nikauliza ni nani, nikaambiwa ni wale aliowazalisha, wanapeana zamu. Niliondoka sijasema hata neno moja.

Sasa niko Nduta. Unajua kambi ya wakimbizi imefunguliwa tena mwezi wa kumi, Warundi wanaingia kila siku na mabasi. Mimi naletwa kutoka Kibondo siku tatu kwa wiki kwa ajili ya vinywa vya watoto. Wengi wanaharisha. Na wiki ya kwanza tu niliona wanawake wanawapapasa watoto ufizi kwa kidole, wakinong'onezana. Nilijua wanatafuta nini.

Wenzangu walisimama kwenye foleni wakahutubia. Desturi mbaya, acheni ujinga, sheria itawachukua. Wale wanawake waliinamisha macho kwa adabu, wakasema sawa. Kesho yake nikaletewa mtoto wa miezi saba, ufizi umevimba pande mbili, umechokolewa nyuma ya hema. Tulimtibu, anaendelea vizuri. Lakini nililia mbele ya mama yake, na niliyasikia maneno yangu ya zamani katika vinywa vya wenzangu. Ujinga wa kiwango gani. Mimi nilikuandikia hivyo, na nilikuwa najiona msomi.

Jumatano niliomba kompyuta ya Pasikali na ile sidii. Niliiweka kwenye meza palipo na foleni, nikalifungua taya la Firdausi nikaanza kulizungusha. Watoto ndio waliokuja kwanza, kisha mama zao. Nilisema nao kwa lugha ya mama. Nikawaambia, huyu ni ndugu yangu. Hapa palitakiwa jino, limelala huku chini. Hizi ni chenga zake. Sasa nageuza, tazameni upande wa pili, sawasawa. Wakasogea. Mmoja akaweka kidole kwenye kioo. Nikawaambia hapa palipita spoku, na mtoto alikuwa anaharisha kama huyu wako, na kilichomponya ni maji aliyotundikiwa, kama haya tunayowapa pale kwenye hema jeupe.

Kulikuwa na mama mtu mzima amekaa pembeni muda wote, anaitwa Harerimana. Nilishaambiwa ndiye wanayempelekea watoto. Akauliza, bila kusimama, ni mwanamke gani aliyefanya hivyo?

Masenge, pale ndipo nilipokuwa napakimbia mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa naweza kusema mama mmoja, zamani, huko vijijini. Nikasema, "Mama yangu mzazi. Aliitwa Ininahazwe, alitoka huko mlikotoka ninyi, akawa mkunga Kagerankanda."

Harerimana akaniangalia sana. Akasema, "Alikuwa mkunga mzuri?"

Nikamwambia, "Hakukuwa na mzuri kuliko yeye. Mpaka leo watu wanapalilia kaburi lake. Na hapa alikosea. Alipojua amekosea aliitupa spoku, akanipeleka mimi shule nikajifunze kutengeneza. Huyu mtoto mnayemwona amefungwa waya, na jino limeshachungulia."

Nilisikia sauti yangu haitetemeki. Nilikuwa najivuna, Masenge. Nilikuwa najivuna na mama yangu mbele ya watu mia, na sikuficha kitu chochote.

Nikaendelea na wagonjwa. Tulipokuwa tunafunga vitu Harerimana alikuja mezani, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa spoku imefungwa kwa kitambaa safi kabisa, akailaza kando ya kompyuta.

"Na mimi ni mkunga mzuri," akasema.

Nikamwambia naliona hilo. Jumatatu ananisaidia kwenye hema jeupe, yeye ndiye atakayewashika kina mama mkono wakati mtoto anatundikiwa maji, maana wanamwamini kuliko mimi.

Maulidi ni Alhamisi. Nimeomba ruhusa, nakuja na basi la Kipriani, nikae upande wa wanawake karibu na wewe, na tukilia tulie pamoja wapate kazi ya kutunyamazisha. Mwambie Firdausi chonge lake nataka kuliona kwa macho, kwa pande zote, bila mashine. Na mwambie mumeo sidii haitarudi ukutani, ina kazi.

Wewe endelea kutangaza sokoni. Safari hii tangaza yote.

Wako,
Safina wa Ininahazwe